Taa ya Miche na Hofu ya Bangi

Majuma machache yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya upili iliyoko karibu na mpaka wa Kitui na Makueni. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono, tena kwa Kiswahili safi ambacho walimu wa sayansi hawasifiki sana kwa kukitumia. Mwandishi alitaka kwangu mambo mawili. La kwanza, nimpe jina la Kiswahili la taa ambazo watu huziwasha ndani ya nyumba ili kukuza mimea. La pili, nimwambie kama mwanafunzi aliyeandika insha juu ya namna ya kuzichagua taa hizo alistahili kusimamishwa masomo kwa majuma mawili.

Mimi ni mwanaisimu. Jambo la kwanza ni kazi yangu. La pili si langu, na pengine ningelinyamazia. Lakini kadiri nilivyoirudia barua ile ndivyo nilivyoona kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kijana huyo, wa Kidato cha Tatu, alikuwa akijiandaa kwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi, ambayo sisi wa zamani kidogo tuliyajua kwa jina la Kongamano la Sayansi. Anaishi na mama ya babake, susu kama tusemavyo Ukambani, ambaye huotesha miche ya nyanya na sukumawiki nyuma ya jiko lake ili aiuze siku ya soko. Kila msimu kuku huichakura miche hiyo, jua huibabua, na maji ya kuinyweshea hayana budi kuchimbwa katika mchanga wa mto uliokauka. Kijana akawaza: kwa nini miche isilelewe ghalani, penye mlango na kitasa, ambapo kikombe kimoja cha maji hukaa udongoni siku mbili? Umeme umekwisha kufika kijijini. Kinachokosekana ghalani ni jua tu. Akakaa kitako akaandika kurasa tisa juu ya taa inayoweza kushika nafasi ya jua: iwe ya aina gani, yenye nguvu kiasi gani, iangikwe umbali gani kutoka kwa majani, iwashwe kwa saa ngapi. Kwa pesa za vibarua vya likizo akanunua taa moja itoayo mwanga wa zambarau, akaja nayo shuleni.

Naibu wa mwalimu mkuu alipoiona, alilichukua jina la Kiingereza lililoandikwa kwenye kasha, ambalo kwa tafsiri sisisi ni ‘taa ya kukuzia’, akalitafuta katika simu yake. Zikaja picha za bangi. Akafungua ukurasa wa pili, bangi. Wa tatu, bangi. Sanduku la kijana likapekuliwa mbele ya bweni zima na halikupatikana jani wala mbegu. Hata hivyo alipewa barua ya kurudi nyumbani, na siku ya maonyesho ya kaunti ilipofika yeye alikuwa akichunga mbuzi.

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba nami nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilitabasamu kwa shaka. Nilijiuliza ni kijana gani wa Ukambani, mahali ambapo jua ndilo mali tuliyojaliwa kwa wingi kuliko zote, atakayenunua taa ya kuoteshea nyanya. Ndiyo sababu simlaumu naibu yule kwa kushuku. Ninachomlaumu nacho nitakisema baadaye. Kwanza nilimwomba mwalimu aniletee ile insha yenyewe, akaniletea, nikaisoma yote.

Na tuanze na swali la kijana, kwa maana ndilo lililosahauliwa katika vurumai ile. Mtu huchaguaje taa ya mmea?

Kijana alikuwa amechora jedwali la taa nne: balbu ya zamani yenye uzi wa kuwaka, mrija mrefu wa fluoresenti, balbu nyeupe ya LED ya kawaida ya nyumbani, na ile ya zambarau. Mbele ya kila taa aliandika wati zake na lumeni zake, kisha akazipanga kwa lumeni. Balbu nyeupe ya LED ikawa ya kwanza, na ya zambarau ikawa ya mwisho. Alishangaa sana, akaandika kwa unyofu kwamba huenda ametapeliwa dukani.

Hapo ndipo penye kosa. Lumeni ni kipimo cha jicho la mwanadamu. Jicho letu huhisi kwa wepesi zaidi rangi ya kijani inayoelekea manjano, ile iliyo kati kati ya upinde wa mvua, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi. Nyekundu iliyokolea na buluu iliyokolea hulifikia jicho zikiwa hafifu. Kwa hiyo taa iliyojaa nyekundu na buluu itaonekana dhaifu katika kipimo cha lumeni hata kama inatoa nuru tele. Jani halina jicho. Jani lina klorofili, ambayo baadhi ya vitabu vyetu huiita umbijani, na klorofili hunyonya zaidi buluu na nyekundu, ikiiachilia sehemu ya kijani irudi machoni petu. Basi kuipima taa ya mmea kwa lumeni ni sawa na kupima chakula cha ng’ombe kwa ulimi wa mpishi.

Hata hivyo mambo hayako wepesi kama wauzaji wa taa za zambarau wanavyodai. Mwaka 1972 mwanasayansi Keith McCree alichapisha vipimo vya majani ya mimea 22 ya mashambani, akaonyesha kwamba jani hutumia nuru yote iliyo kati ya nanomita 400 na 700, ya kijani ikiwamo, ingawa nyekundu ndiyo inayoongoza. Ndiyo maana taa nyeupe nzuri ya LED nayo hukuza mimea vizuri tu, na yule anayeitazama miche chini ya taa nyeupe huweza kuona jani linapogeuka manjano, jambo ambalo chini ya zambarau halionekani. Kijana angeambiwa hili, angeweza kuokoa pesa zake za kibarua.

Kipimo kinachofaa ni idadi ya chembe za nuru, yaani fotoni, zinazoliangukia jani kwa kila sekunde. Wataalamu huzihesabu kwa mikromoli. Jua la adhuhuri lisilo na wingu huangusha mikromoli 2,000 hivi kwa sekunde juu ya kila mita mraba ya ardhi. Taa ya LED iliyotengenezwa vyema hutoa mikromoli mbili na nusu hivi kwa kila jouli ya umeme. Ikiwa taa hiyo inakula wati 100, itatoa mikromoli 250 kwa sekunde. Zikianguka zote juu ya meza ya mita moja mraba, bila hata moja kupotelea ukutani, tumepata sehemu moja ya nane ya jua la adhuhuri. Kuliiga jua hilo juu ya meza moja kungehitaji taa nane. Miche michanga lakini haihitaji jua lote. Nyanya iliyotoka kuchipua huridhika na kiasi kile cha taa moja ikiwashwa saa 14 au 16 kwa siku. Sasa mwalimu wa Hisabati naye aingie: wati 100 kwa saa 16 ni uniti moja nukta sita ya umeme kwa siku, nazo kwa siku 30 ni uniti 48. Zizidishe kwa bei ya tokeni, kisha uzigawanye kwa miche inayoenea katika mita moja mraba. Susu atakuambia mara moja kama biashara ipo.

Kuna hila moja ambayo ni lazima niitaje, maana mimi ni mtu wa maneno, na hila yenyewe ni ya maneno. Makasha mengi ya taa hizi huandikwa kwa tarakimu kubwa kwamba taa ni ya wati 1,000, na chini yake, kwa herufi zinazohitaji miwani, huandikwa kwamba taa hiyo ‘ni sawa na’ wati 1,000 za taa ya aina nyingine. Umeme wanaokula ukipimwa huwa wati 100 au 150. Kijana hakulijua hili. Katika jedwali lake aliandika 1,000 bila wasiwasi. Tena aliiangika taa yake mita mbili juu ya miche, karibu na mabati, ili isiguswe. Lakini nuru ya taa ndogo hutawanyika kadiri inavyokwenda: ukiuzidisha umbali mara mbili, kinacholifikia jani hubaki robo. Miche yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilirefuka kwa haraka, ikawa na mashina membamba yaliyopauka na yanayolala. Alidhani ni dalili ya ustawi. Kumbe ilikuwa njaa: mche unaokosa nuru hujinyoosha kuitafuta.

Tazama basi. Katika kurasa tisa mlikuwa na makosa matatu ya wazi, ya aina ambayo mwalimu wa Fizikia au wa Biolojia huota kuyapata, kwa sababu kila moja lina somo zima ndani yake. Hakuna aliyeyaona. Insha ilisomwa na mtu aliyekuwa akitafuta kosa jingine, na kwa kuwa hakulipata, akaadhibu kwa lile alilolidhania. Lawama yangu kwa naibu yule ni hiyo: alisoma kichwa, hakusoma insha.

Turudi kwenye hofu yenyewe, maana haikuzuka hewani. Kwa nini taa hizi zimegandana na bangi kiasi hicho? Sababu ni historia na jiografia. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliiingiza bangi katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa, na katika miongo iliyofuata wakulima wake huko Marekani na Ulaya walijificha ndani ya nyumba. Mtu aliyejificha ghorofani, nje kukiwa na theluji, hana jua, huwasha taa. Nchi kama Uruguay mwaka 2013 na Kanada mwaka 2018 zilipoihalalisha, maarifa yaliyokuwa yakinong’onwa yakawa biashara kubwa yenye matangazo. Hivi leo anayeuliza habari za taa za mimea kwa Kiingereza hujibiwa kwanza na wenye kuuza kwa wakulima wa bangi, kwa kuwa wao ndio wenye sauti kubwa na fedha za kuipaza. Lakini taa hizi hazikuzaliwa nao. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilizijaribu taa za LED kwa mimea ya safari za angani katika miaka ya 1990. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mzaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua LED ya buluu, ambayo pasipo hiyo wala taa nyeupe ya LED iliyoko sebuleni kwako isingekuwapo.

Jiografia nayo inasema jambo ambalo lingemtuliza naibu wetu. Bangi ni mmea unaoisikiliza saa ya usiku: usiku ukirefuka, hutoa maua. Huko kaskazini mkulima wa ndani huchezea saa za taa ili aupangie mmea majira. Kitui iko chini kidogo ya nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote ni kama dakika kumi tu. Anayevunja sheria kwa kupanda bangi katika nchi hii huipanda kwa kawaida katikati ya mahindi au ndani ya msitu, chini ya jua lile lile linalomkausha mimi na wewe. Yamkini wapo wachache mijini wanaojificha na taa. Lakini mvulana wa kijijini anayetaka taa aweke miche ya nyanya ghalani kwa susu, na kuandika kurasa tisa juu yake, na kuzikabidhi kwa mwalimu, ni mhalifu wa ajabu sana.

Usikivu huu wa mimea kwa urefu wa usiku ni habari yetu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, walitangaza kwamba kuna mimea ambayo maua yake hutegemea urefu wa siku. Waliligundua hilo kwa tumbaku iliyokataa kuchanua kiangazi na kwa maharage ya soya. Mbaazi zetu, nzuu za Kikamba, ni za ukoo huo huo wa tabia. Zile za muda mrefu hupandwa kwa mvua za Oktoba na Novemba, hupitia mvua za Machi bila haraka yoyote, na huvunwa miezi mingi baadaye. Mkulima anayezingoja huwa haelewi kwa nini aina moja huchanua mapema ikipandwa mahali fulani na kuchelewa mno mahali pengine. Watafiti waliliendea swali hilo hapa hapa Kenya. Walipanda aina mbalimbali za mbaazi katika vituo vya miinuko tofauti, kuanzia pwani hadi nyanda za juu, na kituo cha Kiboko katika Makueni kikiwa miongoni mwavyo. Ili kutenganisha kazi ya joto na kazi ya urefu wa siku, waliirefusha siku kwa taa jua lilipokwisha kuzama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: zipo aina ambazo taa haikuzitikisa sana, na zipo zile za muda mrefu ambazo ziliposhikiliwa katika siku ndefu ziliahirisha maua yake. Elimu ya namna hiyo ndiyo inayowawezesha wazalishaji wa mbegu kumpa mkulima wa Mutomo au Kibwezi mbaazi inayoiva kabla ya ukame kuikamata.

Kwa maneno mengine, mahali penyewe ambapo kijana aliadhibiwa kwa kuangika taa juu ya mmea, wataalamu wa kilimo wamekwisha kuangika taa juu ya mimea, na wakulima wetu wanakula matunda yake. Sidhani naibu yule alipata kulisikia hilo. Wala mimi sikulijua nilipokuwa na umri wa kijana huyo, nikisoma kwa koroboi Kitui, moshi ukiniingia puani. Hatukufundishwa kwamba nuru ni kitu kinachoweza kuhesabiwa.

Najua nitajibiwa. Mwalimu mmoja rafiki yangu, niliyemsimulia kisa hiki, aliniambia: “Wewe uko chuoni, mwenzangu. Hujalala ukiwaza watoto mia nane walio mikononi mwako. Siku bangi itakapopatikana bwenini, gazeti litaandika jina la shule, si jina la taa.” Ana haki. Sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inakataza kuipanda bangi, na ilipotungwa iliweka kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Mjadala wa kuilegeza umekuwapo: marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliupeleka bungeni mwaka 2018, na Profesa George Wajackoyah akaufanya wimbo wa kampeni yake ya urais mwaka 2022, akapata kura 61,969. Sheria imebaki pale pale ilipo juu ya kilimo chake. Mimi ni mzazi, na sina hamu ya kumwona mwanangu akivuta kitu chochote. Mwalimu anayelinda mlango wa shule anastahili shukrani yetu.

Hata hivyo kuulinda mlango ni kuuliza aingiaye anakwenda wapi. Ingemgharimu naibu yule nusu saa. Angemwita mwalimu wa Biolojia aliyekuwa chumba cha pili. Angemuuliza kijana mche gani, ghala la nani, taa imeangikwa wapi, na kwa nini zambarau. Mwenye hila hukwama katika swali la pili, hali mwenye hamu ya kujua huzungumza mpaka kengele ikalia. Tukiwafukuza wa namna ya pili, hamu yao haifi. Huondoka shuleni ikaenda kutafuta mwalimu mwingine, na kwa somo hili la taa tumekwisha kuona ni nani aliyekaa tayari kuwafundisha: yule yule muuzaji aliyejaza simu ya naibu kwa picha za bangi. Hofu yetu inampelekea wanafunzi.

Nimesema mambo mawili ya barua ile ni jambo moja, nami sasa nieleze. Shule zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza, kwa hiyo kitu kipya huja kwetu kimevaa jina la Kiingereza na sifa zote, njema na mbaya, ambazo jina hilo limezichuma huko litokako. Naibu hakuiogopa taa, aliliogopa jina. Kitu hicho hicho kingeletwa shuleni kikiitwa ‘taa ya miche’, sina shaka kwamba angeuliza miche ipi kabla hajauliza jambo jingine lolote. Nampa basi mwalimu jina hilo, taa ya miche, kwa matumizi ya shule na vitalu. Na anayetaka jina pana zaidi aseme taa ya kukuzia mimea. Majina yote mawili yanataja mmea waziwazi, jambo ambalo lile la Kiingereza halifanyi. Lenyewe hukuachia uambatishe mmea uupendao.

Nimpe na jingine ambalo hakuliomba. Kiswahili kina nuru, mwanga na mwangaza, nasi huyatumia bila kuyatofautisha. Kamusi nazo huyafasiri kwa kuzungushana: hili ni lile, na lile ni hili. Napendekeza walimu wa sayansi wayagawie kazi. Mwangaza uwe kile kinachohisiwa na jicho na kupimwa kwa lumeni. Nuru iwe kile kinacholiwa na jani. Tayari tunasema usanisinuru, wala hakuna asemaye usanisimwangaza. Kijana yule angekuwa na maneno hayo mawili asingepanga taa za mimea kwa kipimo cha macho, kwa maana lugha yenyewe ingemzuia. Neno mwanga tuliache kando, maana lina maana nyingine ya mchawi wa usiku, na katika kisa hiki limekwisha kufanya kazi ya kutosha.

Nilipokwenda nyumbani Kitui niliizunguka njia kidogo nikapita kwa susu yule. Kijana alikuwa amerudi shuleni. Mzee alinipa kiti, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza kwanza juu ya watoto wangu na mvua ya kwetu. Nilipomuuliza juu ya taa alicheka.

“Taa ile ilikuwa nzuri, mwanangu,” akasema. “Kuku waliiogopa. Wakiona ile rangi hawakanyagi ghalani.”

“Na miche, susu?”

“Miche ilikuwa mirefu kama vijana wa siku hizi. Upepo kidogo, chini.” Akaniongoza nyuma ya jiko. Pale, chini ya kivuli cha wavu wa kijani uliotandazwa juu ya vijiti vinne, palikuwa na sinia tatu za miche mifupi yenye mashina manene. Mjukuu wake alikuwa ameijenga wakati wa yale majuma mawili, baada ya kuchunga. Kuku wamezuiwa kwa miiba. Sinia ya nne ilikuwa ghalani karibu na dirisha, kwa ajili ya kulinganisha, na juu ya kila moja kulikuwa na kipande cha karatasi chenye tarehe na urefu wa mche kwa sentimita.

Nilimwandikia kijana barua, nikamweleza habari ya lumeni, ya wati za kasha, na ya umbali wa taa. Nilimwambia kwamba nadhani wavu wa susu utaishinda taa kwa bei, ila kudhani si kupima, na kwamba jedwali lenye safu mbili, wavu na taa iliyoshushwa hadi sentimita 30 juu ya majani, lingekuwa kazi nzuri ya kupeleka kwenye maonyesho ya mwaka ujao. Alinijibu kwa ukurasa mmoja. Anasema amekubali, na amekwisha kuchora jedwali. Tatizo ni safu ya pili. Taa yake ingali imefungiwa ofisini, katika kabati la vitu vilivyonyang’anywa, pamoja na simu na redio za wanafunzi, na hajui amwombe nani ufunguo.